Nilisema shemeji amenipa poison, kumbe kifua yangu ilikuwa inataka dawa ya dépression

Wakuu, jambo zenu.

Mi niko mutu wa Butembo, commune ya Kimemi. Kiswahili yangu ni ya kwetu Congo, donc benye kutaka kucheka mucheke haraka, mumalize, kisha musome. Sikukuja hapa kupamba maneno. Nitaandika kintu nilifanya mi mwenyewe, na kama kuna mutu wa famille yangu humu ndani atajua ni mi. Ajue tu. Nimechoka kujificha.

Kila wiki naona mutu anauliza humu: "Kifua inaniuma, hopitali banasema sina kintu, nifanye nini?" Kisha majibu: kitunguu saumu, maji ya moto, "hiyo ni gaz mkuu", maombi ya siku tatu. Nasoma, nafunga telefone na hasira.

Leo najibu. Mais jibu yangu ni ndefu kidogo, juu kuna muke ya mutu ndani, na batoto babili.

Nafanya commerce ya maharagi na biazi. Siku ya soko naenda Kirumba, nanunua, napakiza mu camion, narudi Butembo. Muke yangu anauzishaka samaki ya Kyavinyonge ku soko, anatoka asubui anarudi jioni. Tulikuwa na batoto yetu, batu ya kawaida tu.

Nilikuwa na yaya, ndugu yangu mukubwa wa tumbo moja. Yeye alikuwa anaikala upande wa Beni, analima kakao. Siku moja alienda ku champ yake ya kakao asubui, hakurudi. Benye kujua Beni na bauaji ba mu pori banajua ile maneno inamaanisha nini. Benye hapana kujua, mushukuru Mungu na mupite.

Tulimuzika. Mi njo nilisimamia kila kintu: kumuleta, sanduku, misa, chakula ya batu ya kilio. Sikulia hata kidogo. Bamama bakanisifu, "Huyu ni mwanaume kabisa." Na mi nikafurahi kusikia vile. Mujinga mi.

Muke ya yaya tunamuitaka Mama Masika. Kisha kilio alikuja kuikala kwangu Butembo na batoto yake: Masika wa miaka kumi na moja, na Paluku wa miaka sita. Karatasi ya champ ya kakao ikabakia mu mikono yangu mi, juu ni vile banafanyaka mu famille yetu. Na juu muke yangu anashinda ku soko, Mama Masika njo akakuwa anapika.

Wakuu, ule mama aliko na mukono! Bundu, ugali yetu ya muhogo, laini, sombe, majani ya muhogo, imetwangwa vizuri, samaki haiungui inje ikabakia mbichi ndani. Mi mwenye nilikuwa nakulaka mikate na soda ku depot ya maharagi, nikaanza kurudi ku nyumba kila saa sita kukula.

Mwezi wa ine kisha kilio, kifua ikaanza.

Ya kwanza ilinikamata Kirumba, mu soko, karibu saa sita. Ni sawa mutu amekuwekea mufuko ya maharagi juu ya kifua, kisha akaikala juu yake. Pumuzi ikakuwa fupi, vidole ikakuwa na ganzi, jasho tele na baridi iko. Balinilalisha juu ya mifuko yangu mwenyewe. Nikasema sawa, leo nakufa, na maharagi ya batu bado sijapakiza.

Kisha nusu saa ikaenda. Nikaamuka, nikacheka, nikasema ni njaa.

Haikuwa njaa. Ikarudi. Ikarudi tena. Na sana sana ilikuwa inarudia ku nyumba, saa sita, wakati Mama Masika ananiwekea sahani mbele. Mutie hiyo mu akili.

Nikaenda hopitali. Balifanya ECG, balifanya radio ya kifua, ile picha ya ndani, balipima damu. Docteur akasema, "Papa, moyo yako ni ya kijana. Hauna kintu." Akanipa dawa ya tumbo. Nikaenda ingine, bakasema ni typhoïde, ile ugonjwa yenye huku banapatia kila mutu mwenye banakosea jibu. Nikakunywa ya typhoïde. Nikaenda ya tatu: "Hauna kintu."

Munajua hasira ya ile neno? Unakufa, mutu anakuangalia na miwani yake, anasema hauna kintu. Afazali aseme sijui.

Sasa nyinyi ba Tanzania na ba Kenya, musikilize. Huku kwetu Kivu, hopitali ikisha kusema hauna kintu, jibu yenye inabakia ni moja: poison. Sisemi sumu ya panya. Nasema ile mutu anakutiliaka mu chakula, kidogo kidogo, unakauka, unaisha. Kila famille iko na hadisi yake. Hata bapadri banaionaka na woga. Na kuna bamunganga benye kazi yao ni kuitosha mu tumbo ya mutu, aitapike.

Nikaenda kwa mumoja. Alinipa dawa ya majani, chungu sana, nikatapika mpaka machozi. Akachokora mu bassin na kijiti, akatosha kintu kidogo nyeusi sawa jani ya tumbako. "Unaona?"

Niliona. Sijui leo kama ni yeye alikuwa nayo mu vidole ao kama ni majani yake mwenyewe nilikunywa. Mais ile siku niliona poison, na nilikuwa tayari kuapa mbele ya juge.

Hakutaja mutu. Munganga mwenye akili haachaki alama. Aliuliza tu, "Chakula yako, ni nani anapikaka?"

Na jina ilitoka mu kinywa yangu mi.

Siku tatu sikusikia maumivu. Ya ine, saa sita, ikarudi na nguvu. Basi nikajua, bado anaendelea kunipa. Nikaacha kukula kwake. Anaweka sahani, nasema nimeshiba. Alielewa haraka. Mwanamuke wa kwetu ukikataa sahani yake mara mbili, ya tatu hakuulizi tena, juu anajua unawaza nini.

Nikaita famille. Mukubwa wa baba yetu, baba mukubwa, njo anaongozaka. Balikuja siku ya mungu kisha misa, bazee sita, bakaikala mu salon. Mama Masika akakalishwa ku kiti kidogo karibu na mulango. Baba mukubwa akasema ule mwanamuke anataka kuniua mi, juu champ irudi kwa mutoto yake. Ikaingia mu vichwa ya batu yote sawa maji mu muchanga.

Balimupa neno. Hakulia, hakuapa. Aliniangalia mi, akasema:

"Shemeji, tangu nifike hapa, ulikula mu sufuria gani yenye Paluku hakukulia?"

Wakuu, ilikuwa kweli. Sufuria ilikuwa moja. Batoto yake na batoto yangu balikuwa banakula pamoja na mi, na hakuna mwenye alishika hata tumbo.

Munajua nilijibu nini? Nilisema, "Poison inachaguaka mutu."

Baba mukubwa akatingisha kichwa sawa vile nimesema kintu ya hekima.

Balikata: yeye aende, batoto babakie. Kwetu batoto ni ba famille ya baba, hakuna mutu alishangaa. Alipewa saa moja. Alitoka na sac moja, akapanda pikipiki, akaenda ku parking ya magari ya Beni. Kule kule kwenye bwana yake alikufia. Paluku alilia mpaka akalala. Masika hakulia. Aliingia mu cuisine, akaanza kuosha sufuria zote, hata zenye zilikuwa safi. Batu bakasema, "Huyu mutoto amekomaa."

Nawauliza, kifua yangu ilienda na yeye Beni?

Ikazidi! Sasa hata ku misa, hata mu camion. Munganga akasema, "Aliacha mizizi." Nikatapika tena. Nilikonda mpaka mukaba nikautoboa tundu mupya na musumari.

Siku moja nilipeleka biazi Beni. Pale pale mu kushusha mifuko, ikanikamata, nikaanguka. Chauffeur akanibeba mpaka hopitali moja. Docteur alikuwa mwanamuke, bado kijana, Munande wa kwetu. Alirudilia ECG, alipima damu tena, alihakikisha moyo iko salama. Nilikuwa nangojea neno yangu: hauna kintu.

Hakusema. Alivuta kiti. Akauliza, "Papa, unalalaka?" Hapana. "Unakula?" Kidogo. "Maumivu inakuyaka saa gani?" Nikasema saa sita, sana sana saa sita. Akauliza, "Zamani, saa sita ilikuwa ya nini mu maisha yako?"

Nikataka kumujibu vibaya. Saa sita ni saa sita, unakula, ni yote. Kisha nikakumbuka.

Saa sita njo yaya alikuwa ananipigiaka telefone.

Kila siku, kutoka ku champ, akipumuzika. Anauliza bei ya kakao Butembo, nasema sijui, ananitukana kidogo, anasema "mucheleweshaji we," anakata. Dakika mbili. Sikuwa nimefikiri juu yake hata mara moja tangu tumuzike. Kichwa ilisahau. Kifua ilikuwa inangojea telefone.

Nikamuambia. Akaandika kwa karatasi: amitriptyline, kila jioni, kidogo kwanza kisha ataongeza. Akanipanga pia na dada mumoja wa kuongea naye kila wiki mbili. Akaeleza bila kuficha: hii dawa ni ya familia ya antidépresseur, inasaidiaka pia batu ya maumivu yenye hakuna mutu anapata chanzo.

Nikakasirika. "Mi si kichaa, docteur."

"Sikusema kichaa. Nimesema moyo yako haina ugonjwa, na wewe uko mugonjwa. Yote mbili ni kweli."

Sasa benye munataka kujua juu ya dawa, hapa.

Wiki ya kwanza na ya pili, ziro. Afazali ziro, ilikuwa mubaya: kinywa inakauka sawa umemumunya unga ya muhogo, asubui kichwa nzito, choo inakuwa ngumu (samahani), na ukisimama haraka unaona giza. Nilitaka kuitupa mu choo. Nilimupigia docteur, akasema, "Papa, uvumilie, haifanyaki kazi sawa Paracétamol. Na usiache mwenyewe siku moja, utaniambia kwanza." Nikavumilia juu sikukuwa na fasi ingine ya kwenda.

Nikaanza kulala. Kulala, wakuu! Mutu mwenye hajakosa usingizi hawezi kujua ile zawadi.

Mu wiki ya tano hivi, saa sita, niko ku meza. Masika ameweka bundu na maharagi, juu yeye njo alikuwa anapika sasa, mutoto wa miaka kumi na moja. Nakula. Nikafika mwisho ya sahani. Nikasikia kifua, nikaitafuta sawa mutu anatafuta ufunguo mu mufuko. Hakuna. Imenyamaza.

Mungejua furaha yenye nilipata! Ilifanya labda dakika moja.

Kisha hesabu ikaja yenyewe. Kama hii dawa imeniponyesha, basi poison haikukuwa. Dawa ya huzuni haitoshaki poison. Na maumivu ilikuwa inaanzaka mbele sijashika kijiko ya kwanza, mbele! Mama Masika alikuwa bado ameshika sahani, mi tayari nashika kifua. Nilikuwa na macho, sikuona.

Nikaangalia Masika ananawa mikono yake mu bassin. Nikalia pale ku meza mbele ya batoto. Kilio ya yaya, na ya ule mama, yote ikatoka pamoja. Paluku akaniletea maji.

Nikaita famille tena. Bazee ile ile, salon ile ile. Nikasema: nilikosea. Nikaonyesha ordonnance ya docteur, nikaonyesha plaquette ya vidonge. Nikasema tumurudishe, jina yake ni safi.

Baba mukubwa akachukua plaquette, akamupa binamu yetu mumoja infirmier wa hopitali. Yule akasoma, akasema kwa sauti ya chini, lakini yote balisikia: "Hii ni dawa ya batu ba kichwa."

Pale pale nikaisha.

Baba mukubwa akanisemesha pole pole, sawa unasemesha mulevi. "Mwana yangu, hii dawa njo inakusemesha hivi. Uiache kwanza, akili irudi, kisha tutaongea." Bazee bakaitika. Mumoja akanishika bega, akasema "pole".

Niliposema uongo na ugonjwa, baliniamini kwa saa moja. Niliposema ukweli na afya, nikakuwa kichaa. Na musisahau: ile champ ya yaya, sasa nani alikuwa anavunaka kakao yake? Baba mukubwa. Mi mwenyewe nilimupa karatasi, wakati nilikuwa nasema mama na batoto yake banataka kuniua.

Basi nikafanya yenye famille hapana kufanyaka. Sikuomba ruhusa. Nilifunga bintu ya Masika na Paluku, nikabapandisha mu voiture asubui, tukaenda Beni. Muke yangu alinisaidia kufunga. Aliniambia tu ku mulango, "Ulichelewa, mais uende."

Mama Masika alikuwa anaikala mu chumba moja ya kukodi, anauzisha mikate mbele ya nyumba. Masika alimuona kwanza. Sitaandika yenye ilipita pale, haiko yangu ya kuandika.

Kisha akanikaribisha ndani. Nikaikala. Nikasema yote, bila kuzunguka: sikupewa poison, nilikuwa na huzuni, ni dawa ya dépression iliniponyesha, nilikusingizia mbele ya batu, batoto ni bako.

Akaamuka, akamimina chai mu kikombe, akaiweka mbele yangu.

Hapa niwaeleze desturi yetu. Huku, juu ya ile mambo ya poison, mutu akikupa kinywaji anaonja yeye kwanza mbele yako. Chupa anafungulia mbele ya macho yako. Ni heshima, hata kwa mutoto ya tumbo yako unafanyaka hivyo bila kufikiri.

Mama Masika hakuonja.

Aliweka kikombe, akaikala mbele yangu, mikono juu ya magoti. Akasema, "Kunywa, shemeji."

Mi mwenye nilitoka Butembo kusema haukunipa kintu. Mi mwenye nimepona. Mi mwenye najua, najua kabisa, wakuu, sawa najua jina ya baba yangu. Nikanyoosha mukono.

Mukono ikasimama.

Labda sekonde mbili. Labda tatu. Kisha nikashika kikombe, nikakunywa yote, ikanichoma ulimi, nikakunywa tu. Mais alikuwa ameona. Na Masika pale ku mulango aliona.

Mama Masika akasimama. Akachukua kikombe, akaiosha, akaifunika juu ya meza. Akasema, "Batoto nimepokea, aksanti. Sasa uende."

Nikaenda.

Ile yote imepita mwaka moja na kidogo. Niko mutu muzima, nakula, nalala. Docteur amenipunguzia dawa pole pole, bado naikunywa kidogo. Batoto nabapigiaka telefone. Mama Masika anapokea, anasema "ngoja", anabapatia. Neno moja. Famille yangu hapana kunialika tena ku mikutano. Na mu quartier bado banasema ule mama alikuwa na poison. Nikibakatiza bananiangalia na huruma, banauliza kama nimekunywa dawa yangu leo.

Donc wewe mwenye kifua inakuuma. Kwanza, moyo ipimwe, usicheze na hiyo, usikunywe dawa ya mutu juu umesoma uzi ya mutu. Mais bakisema hauna kintu, na bado inauma, usiende kutafuta mutu. Tafuta docteur mwenye atakuuliza maisha yako, na umujibu ukweli. Akikuandikia antidépresseur, kunywa, vumilia zile wiki za kwanza, usiache bila kumuambia. Haikufanyi kichaa. Mi nilifanya kichaa yangu yote mbele sijakunywa hata kidonge moja.

Musiniandikie "hongera kwa kupona mkuu". Ile sitaki.

Nataka mumoja tu anijibu, mwenye alishaharibu jina ya mutu kisha akairudisha. Ulifanya namna gani? Ilichukua muda gani? Nitasoma yote, hata ya matusi.